Masomo ya sayansi na ufundi mtandaoni: ya bure ni yapi, na mwananchi ayatumie vipi?

Katika nyumba ya Marekani, waya mweusi ndio unaobeba umeme. Katika nyumba nyingi za Kenya zilizotiwa nyaya miaka ya nyuma, waya mweusi ni wa nyutro na wenye umeme ni mwekundu. Kijana anayejifunza ufundi wa stima kwa kutazama video kwenye simu huenda asijue tofauti hiyo. Aliyerekodi video hakuwa na sababu ya kuieleza, kwani alikuwa akiwafunza watu wa kwao.

Masomo ya sayansi na ufundi yaliyo mtandaoni ni mengi kuliko ilivyowahi kuwa. Mengine yameandaliwa na vyuo vikuu vinavyoheshimika, hayalipiwi hata senti, na yanaweza kutumika mahali pasipo na intaneti. Mengine hayafai kwa mwanafunzi wa Kenya, na machache ni hatari. Makala haya yanawaeleza wazazi, wanafunzi, walimu na wakufunzi wa kaunti yapi ni yapi, jinsi ya kuyapata kwa gharama ndogo, na mahali ambapo simu hufika kikomo na mikono kuanza kazi.

Kwa nini jambo hili ni la wakati huu

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari pevu. Huko kuna mikondo mitatu: STEM, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kabla ya hapo, kuanzia Gredi ya 7 hadi ya 9, kila mwanafunzi husoma Sayansi Jumuishi, Kilimo, na somo la misingi ya ufundi linalojulikana shuleni kama Pre-Technical Studies.

Masomo haya yanahitaji vifaa. Shule yenye maabara, umeme na mwalimu wa kila somo hufunza kwa njia moja. Shule ya sekondari msingi iliyo ndani ya ua wa shule ya msingi, isiyo na maabara, hulazimika kutafuta njia nyingine. Lakini mwisho wa mwaka, wanafunzi wa shule zote mbili hupimwa kwa kipimo kimoja, na matokeo hayo huchangia kuamua nani ataingia mkondo wa STEM.

Upande wa ufundi, jukumu liko karibu zaidi na mwananchi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na politekniki za vijiji, ambazo siku hizi huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi, au VTC. Maktaba za umma pia ni jukumu la kaunti. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mkaazi anapokuwa na swali au lalamiko, ni vyema ajue analipeleka kwa nani.

Kuna pia funzo la mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya COVID-19, masomo yalipelekwa kwenye redio, runinga na mtandao. Waliokuwa na simu, umeme na data waliendelea. Wasiokuwa navyo walingoja hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Vifaa vya mtandaoni vinaweza kupunguza pengo kati ya watoto, na vinaweza pia kulipanua. Matokeo hutegemea jinsi vinavyotumiwa.

"Bure" maana yake nini?

Si kila kitu kinachofunguka kwenye simu ni cha bure kutumiwa kwa njia yoyote. Kuna aina maalum ya vifaa vya kufundishia inayoitwa nyenzo huria za elimu. Jina hilo lilitokana na mkutano wa UNESCO wa 2002, na mwaka wa 2019 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha pendekezo la pamoja la kuzikuza. Nyenzo huria ni zile ambazo mwenyewe ametangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzinakili na kuwagawia wengine, na mara nyingi kuzibadilisha, bila kumwomba ruhusa.

Tangazo hilo huandikwa kwa leseni. Inayotumika sana ni ya Creative Commons, ambayo hutambulika kwa herufi CC zikifuatwa na herufi nyingine. BY maana yake mtumiaji amtaje mwandishi. NC maana yake asiuze. ND maana yake asibadilishe chochote. SA maana yake akibadilisha, toleo lake jipya nalo liwe huria kwa masharti yaleyale.

Kwa mwalimu, herufi hizi zina kazi ya moja kwa moja. Kitabu chenye leseni ya CC BY anaweza kukichapisha, kukata sura mbili anazozihitaji, kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuwagawia wanafunzi, mradi tu amtaje mwandishi. Chenye NC anaweza kukigawa, lakini hawezi kuwauzia wanafunzi nakala kwa faida. Kitabu kisicho na leseni yoyote ni mali ya mwenyewe, hata kama kimetumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu.

Vifaa vitano vya kuanzia

*Kenya Education Cloud.* Huu ni mtandao wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Faida yake kubwa ni kwamba vilivyomo vimelenga mtaala wa Kenya. Mzazi asiyejua pa kuanzia aanzie hapa. KICD pia ina jukwaa la Elimika, ambako walimu husoma kozi fupi za kufundisha kwa kutumia teknolojia.

*PhET.* Haya ni maabara ya kuigiza yaliyoanzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ndani yake mna majaribio mengi ya fizikia, kemia, biolojia na hisabati ambayo mwanafunzi huyaendesha kwa kidole. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Majaribio mapya hufunguka kwenye simu ya kawaida, na mengi yanaweza kupakuliwa mara moja na kutumika baadaye bila data.

*Khan Academy.* Ilianza pale Salman Khan, aliyekuwa akiishi Marekani, alipomfunza binamu yake hisabati akiwa mbali. Likawa shirika lisilo la faida mwaka wa 2008. Ina video fupi na mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Hisabati yake husaidia sana mwanafunzi aliyeachwa nyuma, kwa kuwa anaweza kurudi hadi darasa la chini bila mtu kumcheka.

*OpenStax.* Hivi ni vitabu vya kiada vya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, vinavyotolewa bure tangu 2012. Kuna vya fizikia, kemia, biolojia na hisabati. Vingi ni vya kiwango cha chuo, kwa hivyo vinamfaa zaidi mwalimu anayejiandaa au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

*Kolibri.* Hii ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, na imetengenezwa mahususi kwa mahali pasipo na intaneti. Hubeba masomo ya Khan Academy, PhET na mengine mengi ndani ya kompyuta moja, na sura yake inapatikana kwa Kiswahili.

Kipindi kimoja darasani

Kifaa kizuri kikitumiwa vibaya huwa sinema. Tuchukue sheria ya Ohm, ambayo hufunzwa katika sayansi na pia katika warsha ya umeme. Sheria hiyo husema kwamba mkondo wa umeme ni volti zikigawanywa kwa ukinzani.

Katika jaribio la PhET la somo hilo, mwanafunzi akiweka volti 4.5 na ukinzani wa ohm 500, mkondo husoma miliampea 9. Akiongeza volti hadi 9, mkondo huwa miliampea 18. Akirudisha volti kuwa 4.5 na kuongeza ukinzani hadi ohm 1,000, mkondo hushuka hadi 4.5. Mwalimu mwenye busara haonyeshi majibu haya. Kwanza huwauliza wanafunzi waandike wanachotarajia, kisha huwaacha wajaribu, na mwisho huwauliza kwa nini waliokosea walikosea. Kipindi cha dakika 40 kinatosha, na simu moja iliyounganishwa na projekta, au simu moja kwa kila kundi la watu watano, inatosha pia.

Jaribio jingine la PhET humruhusu mwanafunzi kuunganisha betri, nyaya na taa. Akiunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, moto huwaka kwenye skrini. Hilo ni kosa ambalo ni heri lifanywe kwenye skrini mara kumi kuliko kwenye warsha mara moja.

Baada ya skrini, kuwe na kitu cha kushika. Somo la asidi na besi ni mfano mwepesi. Wanafunzi wanaweza kutumia jaribio la PhET la kipimo cha pH kuona maziwa, kahawa na sabuni vinaangukia wapi. Kisha mwalimu huponda maua yenye rangi kali, huyachuja, na kuutumia ule maji ya rangi kupima maji ya ndimu na maji ya majivu ya jikoni. Rangi hubadilika mbele ya macho yao. Gharama yake ni ndimu moja.

Ubunifu wa aina hii si mgeni kwa walimu wa Kenya. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kilikua kutokana na mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, na kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana karibu ni sehemu ya mafunzo yake.

Kuokoa data

Wazazi wengi huuliza kwanza kuhusu gharama. Hesabu ni rahisi. Tuseme video ya somo ina uzito wa megabaiti 100. Wanafunzi 30 wakiitazama kila mmoja kwa data yake, jumla ni megabaiti 3,000, karibu gigabaiti 3. Ikipakuliwa mara moja na kugawanywa, ni megabaiti 100 tu. Darasa zima linaweza kusoma kwa gharama ya mtu mmoja.

Njia za kufanya hivyo ni kadhaa:

- Kupakua mahali penye Wi-Fi, kama vile maktabani, chuoni au kwenye saiba, kisha kuhamisha kwa flashi au kadi ya kumbukumbu.
- Kutuma kutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth au Wi-Fi ya simu kwa simu. Njia hii haitumii data kamwe.
- Kuweka Kolibri kwenye kompyuta moja ya shule au chuo. Kompyuta hiyo ikiunganishwa na rauta, hata isiyo na intaneti, simu na tableti zote zilizo karibu husoma kutoka kwayo. Shule za msingi zilizopokea tableti katika mpango wa kitaifa wa kidijitali ulioanza 2016 huenda tayari zina rauta inayoweza kufanya kazi hiyo.
- Kupunguza ubora wa picha. Video ya mwalimu anayeandika ubaoni husomeka vizuri katika ubora wa chini, na hutumia sehemu ndogo tu ya data.
- Kupendelea maandishi na majaribio badala ya video. Jaribio moja la PhET kwa kawaida lina megabaiti chache tu, na mwanafunzi anaweza kulitumia wiki nzima.

Maswali matano kabla ya kuamini somo

*Nani ameliandaa?* Chuo, taasisi ya umma au mwalimu anayejulikana hujitambulisha. Video isiyo na jina la mtu wala shirika haifai kuwa msingi wa masomo.

*Limeandaliwa kwa nchi gani?* Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240 na hezi 50. Wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Swichi, soketi na rangi za nyaya ni tofauti. Hata hapa nchini rangi zimebadilika: nyaya za zamani ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, ilhali nyaya za rangi mpya za fezi moja ni kahawia kwa laivu na samawati kwa nyutro. Katika nyaya za rangi mpya za fezi tatu, mweusi ni mmojawapo wa nyaya zenye umeme. Fundi aliyehitimu haamini rangi. Huzima swichi kuu, kisha hupima kwa testa kabla ya kugusa.

*Vipimo vyake ni vipi?* Masomo ya Marekani hutumia inchi, futi, pauni na nyuzi za Farenhaiti. Mwashi au seremala anayenakili vipimo bila kubadilisha ataharibu mbao au kupika saruji isiyoshika. Inchi moja ni milimita 25.4.

*Linalingana na majira na mazingira yetu?* Video ya kilimo kutoka Ulaya itasema mbegu zipandwe baridi inapoisha. Mkulima wa hapa huangalia mvua za masika na za vuli. Kanuni za udongo na mizizi ni zilezile, lakini kalenda si moja.

*Linalingana na mtaala?* Kwa shule, kipimo ni miundo ya mtaala ya KICD. Kwa vyuo vya ufundi, ni viwango vya kazi vya TVET CDACC, baraza linaloandaa mitaala na kutathmini wanafunzi wa mfumo wa umilisi. Somo zuri lisilo katika mtaala si baya, ila lisimalize muda wa lile litakalotahiniwa.

Maswali haya yanahusu pia programu za akili unde ambazo wanafunzi wengi sasa huziuliza kazi za ziada. Programu hizi hueleza kwa ufasaha, lakini hukosea hesabu na kubuni mambo kwa sauti ileile ya uhakika. Mwanafunzi anayezitumia afanye hesabu mwenyewe kwanza, kisha alinganishe. Akianza kwa kuuliza, hatajua wakati amedanganywa.

Pale simu inapofika kikomo

Hakuna aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa kutazama. Video inaweza kuonyesha jinsi ya kuvaa barakoa, kuchagua elektrodi na kushikilia pembe. Haiwezi kumfanya mwanafunzi ahisi elektrodi inaponata, wala kumsahihisha mkono unapokwenda kasi. Mkufunzi aliyesimama nyuma yake hufanya hivyo kwa neno moja.

Kwa sababu hiyo vyuo vya ufundi hutumia mtandao kwa kile unachokiweza. Nadharia, michoro, majina ya vifaa na kanuni za usalama vinaweza kusomwa nyumbani. Saa za warsha, ambazo ni chache na zenye gharama ya umeme na chuma, hubaki kwa kazi ya mikono. Mwanafunzi aliyeitazama video jana huanza kazi leo mapema zaidi kuliko yule anayesikia jina la kifaa kwa mara ya kwanza.

Kuna pia suala la vyeti. Cheti cha kukamilisha kozi ya mtandaoni huonyesha bidii, lakini si leseni. Kazi ya kutia nyaya za umeme, na ile ya kuweka mitambo ya sola, huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwenye nyumba ana haki ya kumwomba fundi leseni yake kabla ya kazi kuanza. Kwa fundi, leseni ni kinga pia: nyumba ikiungua, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeweka nyaya.

Fundi wa jua kali aliyejifunza kazini kwa miaka mingi bila kuketi darasani hajasahaulika. Anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, au kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaojulikana kama RPL. Huko ndiko masomo ya mtandaoni yanakoweza kumsaidia zaidi: mikono yake tayari inajua kazi, na kinachompungukia mara nyingi ni nadharia na maneno ya mtihani.

Usalama wa watoto na wa mfuko

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtoto isitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Jukwaa linalomtaka mtoto ajaze nambari ya simu, picha au mahali anapoishi kabla ya kusoma lazima mzazi alione kwanza. Vifaa vingi vizuri, ikiwemo PhET, hufunguka bila mwanafunzi kujisajili.

Mzazi pia ajihadhari na wanaouza vya bure. Vitabu vya OpenStax na majaribio ya PhET havilipiwi. Anayedai malipo kwa M-Pesa ili "kufungua akaunti" ya vifaa hivyo ni tapeli, na anayeomba PIN ni tapeli zaidi.

Mwisho, ndani ya nyumba kuna haki ya kugawana. Pale simu ni moja na watoto ni watatu, mara nyingi msichana huipata baada ya kuosha vyombo, wakati chaji imeisha. Mzazi akipanga zamu za simu kama anavyopanga zamu za kazi, kila mtoto atapata saa yake.

Yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, lazima mtoto awe na simu yake?* Hapana. Simu ya mzazi kwa nusu saa, ikiwa na masomo yaliyopakuliwa tayari, inatosha. Kilicho muhimu ni daftari kando yake. Mtoto asiyeandika chochote alikuwa akitazama tu.

*Mzazi asiyejua sayansi atasaidiaje?* Amwombe mtoto amweleze alichojifunza kwa lugha ya nyumbani. Akikwama kueleza, hajaelewa bado, na arudie somo.

*Je, masomo haya yatachukua nafasi ya mwalimu?* Hapana. Yanampunguzia mwalimu kazi ya kuchora na kurudia, ili apate muda wa kuwafikia waliokwama.

*Mwanafunzi asiyesikia au asiyeona vizuri?* Video nyingi za Khan Academy zina maandishi chini ya picha, na baadhi ya majaribio ya PhET yana maelezo ya sauti. Mwalimu achague mapema yale yenye huduma hizo.

Hatua za kuchukua wiki hii

Mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 10 anaweza kumuuliza mwalimu wa sayansi mada ya wiki hii ni ipi, kisha atafute jaribio moja la mada hiyo na kulipakua mahali penye Wi-Fi. Moja tu linatosha kuanza.

Mwalimu mkuu anaweza kuangalia kama kompyuta ya shule inaweza kubeba Kolibri. Mwalimu wa kompyuta au kijana wa mtaani anayeelewa mambo hayo anaweza kuiweka kwa alasiri moja, ikiwa masomo yenyewe yamekwisha kupakuliwa.

Kijana aliyemaliza shule na anayejifunza ufundi kwa simu afike katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu naye na amuulize meneja wa chuo kuhusu kozi, karo, basari, na jinsi ujuzi alionao unavyoweza kutathminiwa. Aende na orodha ya alichojifunza. Na kabla ya kufungua soketi yoyote nyumbani kwao, azime swichi kuu, apime kwa testa, na asiamini rangi ya waya aliyoiona kwenye video.